Kuhamisha Muziki wa CD Kwenda Kwenye Kompyuta: Fomati Ipi, Kilobiti Ngapi?

Kompyuta nyingi mpya zinauzwa bila sehemu ya kuingizia CD, wakati katika nyumba, makanisa, misikiti na kumbi nyingi bado yamo makasha ya CD zenye kwaya, kasida, taarab na muziki wa dansi. Baadhi ya rekodi hizo hazipatikani mahali pengine popote. Kabla ya kuzihamishia kwenye kompyuta, mwananchi anapaswa kufahamu kuwa uamuzi wa fomati na kiwango cha biti huamua ni kiasi gani cha sauti kitakachobaki, na kwamba kilichoachwa wakati wa kunakili hakirudishwi baadaye.

Ubora wa CD unajulikana kwa vipimo. Kwa mujibu wa viwango vya kampuni za Philips na Sony, zilizoingiza CD sokoni mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, katika mikondo miwili ya kushoto na kulia. Jumla yake ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, sawa na takriban megabaiti 10.6 kwa dakika. Wimbo wa taarab wa dakika 15, kwa hiyo, huchukua karibu megabaiti 159.

Fomati za kuhifadhi sauti hiyo zimegawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni fomati zisizobana chochote, kama WAV. Sauti hubaki kama ilivyo kwenye CD, lakini faili huwa kubwa, na programu nyingi hazisomi vizuri jina la wimbo na la msanii yanapoandikwa ndani ya faili la WAV.

Kundi la pili ni fomati zinazobana bila kupoteza, kama FLAC, iliyotolewa mwaka 2001, na ALAC ya kampuni ya Apple. Faili hupungua, mara nyingi hadi kati ya nusu na theluthi mbili ya ukubwa wa awali, na linapofunguliwa hurejesha kila biti iliyokuwa kwenye CD. FLAC ni huru kwa matumizi ya mtu yeyote na hutunza vyema majina ya nyimbo na wasanii.

Kundi la tatu ni fomati zinazobana kwa kupoteza, kama MP3, AAC na Opus. Hizi huondoa sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu halitarajiwi kuzitambua. Kadiri kilobiti zinavyopungua, ndivyo kinachoondolewa kinavyoongezeka. Wimbo uleule wa dakika 15 ukiwekwa katika MP3 ya kilobiti 320 huchukua megabaiti 36. Kwa kilobiti 192 huchukua takriban 22. Na kwa kilobiti 128 huchukua takriban 14. Katika kiwango hicho cha mwisho, msikilizaji makini anaweza kugundua kuwa mlio wa matoazi na manyanga umefifia au unakwaruza, na sauti za kwaya zimepoteza mpaka kati ya moja na nyingine.

Kwa kuzingatia hayo, njia iliyo salama ni kutenganisha nakala ya kumbukumbu na nakala ya matumizi. Nakala ya kumbukumbu iwe FLAC. Mkusanyo wa CD 300, kila moja ikichukua takriban megabaiti 400, utahitaji gigabaiti 120 tu, nafasi inayopatikana hata kwenye diski ndogo ya nje. Kutokana na nakala hiyo, mwenye mali anaweza kutengeneza MP3 au AAC za simu na gari wakati wowote. Kwa muziki, kilobiti 192 hadi 256 zinatosha kwa usikilizaji wa kawaida. Kwa hotuba na mawaidha yaliyorekodiwa kwa mkondo mmoja, hata kilobiti 64 hueleweka vizuri.

Kubadili faili la MP3 la kilobiti 128 kuwa la kilobiti 320, au kuwa FLAC, hakuongezi ubora. Faili hunenepa, lakini sauti hubaki ileile. Aidha, kubadili kutoka fomati moja yenye upotevu kwenda nyingine huongeza upotevu juu ya upotevu.

Ni vyema pia kukagua aina ya CD yenyewe. CD ya kawaida ya muziki hubeba dakika 74 hadi 80. Diski yenye nyimbo mia moja au zaidi, kama zile zinazouzwa mitaani, kwa kawaida ina mafaili ya MP3. Hayo yanakiliwe kama yalivyo, kwani kuyageuza hakuna faida.

Kabla ya kunakili, CD ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha. Programu itakayotumika iwashiwe kipengele cha kusahihisha makosa ya usomaji, na kila wimbo usikilizwe baada ya kazi. CD zilizochomwa nyumbani au dukani zitangulizwe, kwa kuwa rangi inayobeba data ndani yake huharibiwa na joto na mwanga wa jua. Nakala ya kumbukumbu ihifadhiwe katika diski mbili zilizo sehemu tofauti, na CD za awali zisitupwe.

Wananchi wanakumbushwa kuwa kumiliki CD si kumiliki haki za kazi iliyomo. Kwa Tanzania, haki za watunzi na wasanii zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, hivyo nakala hizo hazipaswi kuuzwa wala kusambazwa bila ridhaa ya wenye haki.