ZZ Tabora: Chungu Kizima au Jani Moja?

Miembe ya Tabora haikuja ikiwa miti. Ilikuja ikiwa kokwa, ndani ya mizigo ya misafara ya pwani. Wapelelezi Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, wakafika Novemba 1857. Katika njia ndefu namna hiyo, uzito wowote unaoupunguza ni faida. Reli ilifika mwaka 1912 na siku hizi kuna mabasi, lakini anayetaka ZZ nyumbani kwake Tabora bado anapiga hesabu ileile: alete mmea mzima kutoka Dar es Salaam, au alete kipande?

ZZ ni jina la mkato la Zamioculcas zamiifolia, ndugu wa gimbi. Undugu huo umo ndani ya jina lenyewe, kwani “culcas” limetokana na kulkasi, neno la Kiarabu la gimbi. Ni mmea wa kwetu: asili yake ni Kenya, Tanzania pamoja na Zanzibar, kushuka mpaka Afrika Kusini, ingawa uliingia sebule za dunia baada ya wakulima wa Uholanzi kuanza kuuzalisha kwa wingi karibu mwaka 1996. Chini ya udongo una viazi vinavyotunza maji. Ndiyo maana naupenda kwa mji ambao mvua zake huisha karibu Mei na kurudi Novemba.

Tuchukue bei ya mfano: chungu chenye majani manane kwa shilingi 40,000. Kila jani, lile ambalo wengi huliita shina, ni shilingi 5,000. Jani moja lina jozi sita hadi nane za vijani vidogo, na kila kijani ukikichomeka mchangani kinaweza kufanya kiazi na kuwa mmea. Basi jani la 5,000 linaweza kukupa miche 12 hadi 16. Hata nusu ikioza, mche haufiki shilingi 840.

Gharama yake ni muda. Kijani hukaa miezi mingi kikijenga kiazi kidogo kabla hujaona chipukizi, wakati mwingine mwaka mzima, na miaka mingine kabla chungu hakijajaa. Anayepamba ofisi mwezi ujao anunue mmea mzima. Ushauri wangu kwa wengine wote ni kuchangiana: majirani wawili wanunue chungu kimoja, waugawe mmea kwenye viazi, kila mmoja aondoke na majani manne yenye mizizi kwa 20,000. Hakuna anayepoteza mwaka. Mwombe muuzaji akung'ute udongo na kuvifunga viazi vikavu kwenye gazeti. Vitavumilia safari, na hutalipia nauli ya udongo.

Udongo usinunue kabisa. Mchanga wa Tabora, pumba za mpunga na chenga za mkaa vinatosha. Udongo mweusi wa mbuga uache, maana hushika maji na viazi huoza. Ndoo kuukuu ya rangi iliyotobolewa chini inafaa. Chungu cha udongo ni bora zaidi kwa kuwa hukauka upesi, ila kisiwe na shingo nyembamba: viazi vikinenepa, utalazimika kukivunja.

Mwagilia udongo ukishakauka mpaka chini, kila baada ya wiki mbili au tatu, na punguza zaidi Juni na Julai usiku unapopoa. Vijani vikipukutika kwa kiu, usiutupe mmea. Viazi bado vizima. Utomvu wake huwasha kama gimbi bichi, kwa hiyo uweke mbali na watoto.

Raven, aina ya ZZ yenye majani meusi, huuzwa ghali zaidi. Pesa hiyo ya ziada inalipia rangi, kwani matunzo ni yaleyale, kwa hiyo usianze nayo. Majani yake machanga huchipua ya kijani kibichi kisha yakaiva kuwa meusi, hivyo usishtuke.

Kabla ya kutoa pesa, bonyeza jani pale linapotokea udongoni. Likiwa gumu, lipa. Likibonyea na kutoa harufu, chini kumeoza, hata kama juu bado kunang'aa.