Jina la Faili Linapokuwa Anwani

Katika eneo la Fizi na mji wa Baraka, ulioko kando ya Ziwa Tanganyika mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nyaraka za serikali huandikwa kwa Kifaransa huku mazungumzo yakienda kwa Kiswahili na Kibembe, na kwa hiyo majina ya faili hubeba é za lugha moja na ng' za nyingine. Faili hizo zikiwekwa kwenye seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa za wavuti, programu kama Apache inaweza kutunga yenyewe orodha ya kila kilichomo ndani ya saraka. Kila jina huandikwa humo mara mbili, kwanza kama anwani iliyofichwa ndani ya kiungo, kisha kama maandishi ya kusomwa, na herufi isiyo na madhara upande mmoja huweza kuharibu upande wa pili.

Ichukuliwe faili iitwayo Chanjo ya ng'ombe #2.pdf, jina ambalo ofisi yoyote ya mifugo katika nyanda za juu za Fizi ingelitumia bila kusita. Kivinjari kikikuta alama ya reli (#) ndani ya anwani hukatia hapo, kwa kuwa kinachofuata huhesabiwa kuwa mahali fulani ndani ya ukurasa na hakipelekwi kwa seva, ambayo hujibu 404, kwamba faili haipo, ilhali ipo. Kinga yake ni kuandika %23, yaani alama ya asilimia ikifuatwa na namba ya herufi hiyo katika hesabu ya msingi wa kumi na sita. Nafasi huwa %20, na é, ambayo katika usimbaji wa herufi wa UTF-8 huchukua baiti mbili, huwa %C3%A9. Asilimia yenyewe ni %25, ndiyo maana mwandishi wa programu mwenye bidii kupita kiasi, akikinga jina mara mbili, hupata %2520 badala ya %20.

Ritifaa ya ng'ombe, kinyume chake, inakubalika katika anwani, lakini kiungo kilichofungwa kwa alama moja ya mnukuu kitaishia kwenye ng, isipokuwa iandikwe &#39;. Alama < nayo huwa &lt;, na hapa jambo ni zito zaidi: Linux hukubali karibu kila herufi katika jina la faili, hivyo mtu mwenye nia mbaya huweza kupakia faili ambayo jina lake ni amri ya JavaScript, na kivinjari cha msomaji kikaitekeleza. Kuwaagiza makarani waache ritifaa na é ni kuwatwika kazi ya mtunga programu.