Kodi ya Kichwa, Kodi ya Mapato na Kodi ya Mauzo: Mzigo Anaubeba Nani?

Shukurani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baada ya hayo. Maimamu huulizwa mara kwa mara na maamuma wao kuhusu kodi. Je, ni halali? Je, aliyelipa kodi amesamehewa zaka? Na wako wanasiasa wanaotaka kodi ya mapato ifutwe na mahali pake iwekwe kodi moja ya mauzo kwa nchi nzima. Huko Marekani muswada wa namna hiyo ulipelekwa bungeni mwaka 1999 na umerudishwa mara nyingi bila kupita. Sisi Tanzania tumekwisha kupitia mabadiliko ya jamaa yake: kodi inayomtazama mtu iliondolewa, na kodi inayotazama bidhaa ikapanuka. Katika makala haya tutaliangalia jambo hilo kupitia kisiwa cha Mafia, kisha tutalipima kwa mizani ya fiqhi.

Kodi Mafia zamani na sasa

Kabla ya mwaka 1890 Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na mapato ya dola yake yalitegemea sana ushuru wa forodhani, yaani kodi ya bidhaa. Kwa mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka huo, kisiwa kiliingia mikononi mwa Wajerumani. Hawa walitunga sheria ya kodi ya nyumba mwaka 1897, ikaanza kutozwa mwaka 1898. Nyumba ya kawaida ya mwananchi ilitakiwa kulipiwa rupia 3 kwa mwaka. Kodi hiyo haikuuliza mwenye nyumba amevuna nini wala amevua nini. Ilihesabu paa tu. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905 upande wa bara unaotazamana na Mafia, kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa vilikuwa miongoni mwa sababu zake. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, na utawala wao nao ukaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa.

Baada ya uhuru, serikali ya Mwalimu Nyerere ilianzisha kodi ya mauzo mwaka 1969. Kodi ya kichwa ilipumzishwa kwa muda, ikarudi katika miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, pale halmashauri za wilaya ziliporejeshwa. Tarehe 1 Julai 1998 kodi ya mauzo ilipisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, maarufu kama VAT, kwa kiwango cha asilimia 20. Kiwango hicho kilishushwa hadi asilimia 18 mwaka 2009. Katikati ya hayo, mwaka 2003, Waziri wa Fedha Basil Mramba alitangaza katika bajeti kufutwa kwa kodi ya maendeleo.

Wananchi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Kodi ile ilikusanywa kwa mgambo na vizuizi vya njiani, na katika sehemu nyingi za nchi wanaume walikimbilia porini wasikamatwe. Lakini tutazame siasa yake. Sifa za kuifuta zilikwenda kwa serikali kuu, hali pengo la fedha lilibaki kwa halmashauri, ambazo tangu hapo zimezidi kutegemea ruzuku kutoka juu. VAT haina mgambo. Imejificha ndani ya bei. Hakuna anayeikimbia kwa sababu hakuna anayeiona, na kodi isiyoonekana ni nyepesi kwa mwanasiasa kuitetea.

Mvuvi na meneja

Mvuvi wa Jibondo akiuza samaki wabichi, au mkulima wa Kilindoni akiuza nazi, hatozi VAT, kwani mazao yasiyosindikwa yamesamehewa. Lakini akinunua sabuni, saruji au mabati, kodi imo tayari. Mwenye duka dogo kisiwani hakusajiliwa kwa VAT. Amenunua kwa mfanyabiashara wa jumla Dar es Salaam kwa bei yenye kodi, wala hana pa kurejeshewa, basi huipitisha kwa mteja wake. Mnunuzi haoni kodi yoyote kwenye risiti, naye hudhani hakulipa.

Tuchukue mfano. Bidhaa ya shilingi 10,000 huongezwa kodi ya shilingi 1,800. Kwa mtu anayepata shilingi 90,000 kwa mwezi, hiyo ni asilimia 2 ya pato lake. Kwa meneja wa hoteli apataye shilingi 1,800,000, ni sehemu moja tu katika elfu. Kodi ya mapato huenda kinyume cha hapo. Ina kiwango cha chini kisichotozwa, ambacho kwa mshahara kiliwekwa shilingi 270,000 kwa mwezi mwaka 2020, kisha asilimia hupanda kadiri pato linavyopanda.

Wanaotetea kodi ya mauzo wana hoja ya kusikilizwa. Wanasema kodi ya mapato humbana mwalimu na muuguzi ambao mishahara yao iko wazi, na humkosa tajiri anayeficha hesabu zake. Tajiri huyo akinunua gari, kodi ya mauzo humpata. Hoja hii ni kweli kwa kile anachonunua. Kile anachokilimbikiza, au anachokwenda kukitumia nje ya nchi, hakiguswi. Maskini hana cha kulimbikiza. Pato lake lote hupita dukani.

Maulamaa wanasemaje?

Asili ya mali ya Muislamu ni kuheshimiwa. Katika Sahihi Muslim, kwenye kisa cha mwanamke wa Ghamid, Mtume (s.a.w.) alimtaja mtoza maks, yaani ushuru wa dhulma, kuwa ni mfano wa mwenye dhambi kubwa. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya hadithi hiyo, aliihesabu maks katika maasi mabaya kabisa. Hata hivyo Imamu Ghazali katika al-Mustasfa, na Imamu Shatibi katika al-I'tisam, wamejuzisha kiongozi kuwatoza matajiri pale hazina inapokuwa tupu na haja ya umma ni ya kweli. Angalieni neno matajiri. Ruhusa yenyewe imefungwa kwao.

Sultani Baybars alipotaka fatwa ya kukusanya mali za watu kwa ajili ya vita dhidi ya Watatari, Imamu Nawawi alikataa kutia saini. Alimtaka kwanza atoe dhahabu waliyopambwa nayo watumwa wake na vito vya masuria wake. Hili ni funzo kwetu sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi: kabla ya kuuliza raia atozwe vipi, huulizwa mtawala anatumia vipi.

Kadhi Abu Yusuf, katika Kitab al-Kharaj alichomwandikia Khalifa Harun al-Rashid, alishauri kharaji iliyokuwa ikitozwa kwa kiwango maalumu juu ya ardhi igeuzwe kuwa sehemu ya mavuno. Sababu yake ni kwamba kiwango kisichobadilika humwangamiza mkulima mwaka wa mavuno haba. Hiyo ndiyo kasoro ya rupia 3 za Mjerumani na ya kodi ya maendeleo.

Zaka nayo inatupa kipimo kilicho wazi zaidi, nacho ni nisabu. Asiyefikia nisabu hatoi, bali huenda akawa ni wa kupewa, kama ilivyobainishwa katika Suratut-Tawba aya ya 60. Katika madhehebu yetu, mnazi hauna zaka ya mazao na samaki hana zaka. Mwenye kuzifanyia biashara nazi au samaki hao, mali yake ikafikia nisabu na kuzungukiwa na mwaka, hutoa zaka ya biashara, robo ya fungu la kumi. Sharia imemwacha mvuvi mdogo na kumwendea mwenye mtaji.

Hitimisho

Kwa hiyo imamu akiulizwa, na aseme hivi. Kodi haisimami mahali pa zaka, kwa kuwa nia na wanaostahiki kupewa ni tofauti. Iliyokwisha kulipwa imetoka katika mali, haihesabiwi tena. Kufutwa kwa kodi ya kichwa kuliondoa udhalilishaji, na hilo ni jema. Kodi ya mauzo ikipendekezwa kuchukua nafasi ya kodi ya mapato, swali la kwanza liwe: aliye chini ya nisabu atalindwa vipi? Hata muswada ule wa Marekani umeweka malipo ya kila mwezi kwa kila familia ili kufidia kodi ya mahitaji ya lazima. Pendekezo lisilo na kinga kama hiyo linahamisha mzigo kutoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho.

Na yule mama wa Chole anayenunua kipande cha sabuni na ajue kwamba yeye ni mlipa kodi. Ana haki ya kuuliza zahanati ina dawa au haina.

Wallahu a'lam.