Damu Isiyotakiwa Kufa Njiani

Kwa vipimo vingi, damu ikishatoka mwilini imemaliza kazi. Hiki cha kifua kikuu cha ng'ombe huitaka ifike maabara ikiwa hai, maana huko ndiko kazi yake inakoanzia.

Damu hugawanywa katika vishimo vitatu. Kimoja hakitiwi kichokozi chochote, cha pili hutiwa tuberkulini ya ndege, yaani dondoo ya bakteria wa kifua kikuu cha ndege, cha tatu tuberkulini ya ng'ombe. Kisha damu hulazwa usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37, kama vile bado imo ndani ya mnyama. Seli nyeupe zilizowahi kupambana na ugonjwa humtambua adui wao na kumwaga kemikali ya kinga, interferoni gama. Asubuhi kiasi chake husomwa kwa rangi. Ndege wameingiaje? Malishoni wamejaa bakteria wapole, ndugu wa kifua kikuu, wanaoweza kuiamsha kinga bure; tuberkulini ya ndege husimama badala yao. Ng'ombe hutiwa hatiani pale tu kishimo cha tuberkulini ya ng'ombe kinapokizidi kile cha ndege.

Kipimo hiki ni kazi ya Paul Wood na wenzake wa CSIRO, shirika la utafiti la taifa la Australia. Huko kaskazini ng'ombe huswagwa kwa helikopta, na kipimo cha zamani, cha ngozi, kilitaka wadungwe tuberkulini kwenye shina la mkia, kisha wakamatwe tena baada ya saa 72 kuangaliwa uvimbe. Mfugaji gani angefurahi? Damu ilimkamata ng'ombe mara moja tu, ila haraka ikahamia kwenye chupa: ikichelewa barabarani, seli hunyamaza.

Mwaka 1991 Wood na wenzake walichapisha hesabu zao. Ngozi ilinasa wagonjwa 65.6 katika kila 100, damu ikanasa 76.8 hadi 93.6, kutegemea ukali wa kigezo. Kwa ng'ombe zaidi ya 6,000 wa makundi yasiyo na ugonjwa, damu ilisema kweli kwa asilimia 96.2 hadi 98.1. Zinapendeza, mpaka uzigeuze kuwa ng'ombe: katika 6,000, wazima 114 hadi 228 wanasingiziwa. Hasara hiyo ni ya nani? Na mgonjwa aliyeponyoka, asiyefika machinjioni akapasuliwa, nani atamjua?

Australia ilitangazwa kuwa haina ugonjwa huo mwaka 1997. Mbinu yenyewe ilikuwa imeanza kuhamia kwa binadamu, na mwaka 2001 Marekani ikaidhinisha kipimo cha damu cha binadamu, QuantiFERON-TB. Leo mtoto wa miaka 2 hadi 14 anayeombewa visa ya kuhamia Marekani akiwa Nairobi au Dar es Salaam hutolewa damu kwa kipimo cha ukoo huo huo.