Mbuyu "Dume" Si Mti Usio na Kazi

Katika maeneo makavu ya Tanzania, kama vile Dodoma, Iringa na Tanga, ni jambo la kawaida kukuta mibuyu miwili katika shamba moja, mmoja ukizaa sana kila mwaka na mwingine ukitoa matunda machache mno au usitoe kabisa. Mti wa kwanza huitwa jike, wa pili huitwa dume. Msimu wa kuandaa mashamba unapofika, dume ndilo linalotazamwa kwa jicho baya: linachukua nafasi, linatia kivuli mahindi, na halina cha kupeleka sokoni. Uamuzi wa kuukata mti huo huonekana kuwa wa busara. Utafiti wa kisayansi, hata hivyo, unaonesha kwamba uamuzi huo unaweza kupunguza mavuno ya mbuyu unaobaki.

Mgawanyo wa mibuyu kuwa ya kike na ya kiume haupo Tanzania pekee. Wakulima wa nchi kadhaa za Afrika wanautumia, na umetokana na uangalifu wa miaka mingi. Ni kweli kwamba mibuyu hutofautiana sana katika kuzaa, na kwamba mti usiozaa mwaka huu mara nyingi hauzai mwaka unaofuata. Kosa limo katika maelezo ya sababu, wala si katika kile kilichoonekana.

Ua la mbuyu lina sehemu zote mbili za uzazi. Ndani yake mna stameni nyingi zinazotoa chavua, na katikati mna pistili inayopokea chavua hiyo ili tunda litungwe. Ua la mti uitwao dume lina sehemu hizo hizo. Kwa maumbile, basi, hakuna mbuyu wa kiume wala wa kike.

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kaskazini mwa Afrika Kusini kuhusu jambo hili. Watafiti walichavusha maua ya mibuyu kwa mikono, kisha wakafuatilia yapi yangetunga matunda. Mambo mawili yalidhihirika. La kwanza, mbuyu haujichavushi: chavua ya mti wenyewe haifai kwa maua ya mti huo huo, hivyo kila mbuyu unahitaji chavua kutoka mbuyu mwingine. La pili, miti iliyojulikana kama madume iliweza kuzaa ilipopewa chavua ya mti mwingine. Kwa nini miti hiyo huzaa kidogo inapoachwa kwa maumbile yake bado ni swali linalochunguzwa, lakini kwamba ni tasa ni dhana isiyo sahihi.

Matokeo hayo yana maana kubwa kwa mkulima. Kama mbuyu unaozaa hauwezi kujichavusha, kila tunda linaloanguka chini yake limetokana na chavua ya mti mwingine ulio jirani. Mti huo jirani unaweza kuwa ndio lile "dume" linalongojea shoka. Likikatwa na pasiwe na mbuyu mwingine wa karibu, mti uliobaki utaendelea kuchanua, lakini maua yake mengi yatadondoka bila kutunga tunda.

Chavua nayo haisafiri yenyewe. Ua la mbuyu hufunguka jioni, hutoa harufu kali usiku, na hunyauka siku inayofuata. Katika Afrika Mashariki na Magharibi, popo wanaokula matunda wanajulikana kuwa wachavushaji wake wakuu. Hufuata nekta, wakapakwa chavua manyoyani na kuihamishia mti mwingine. Komba pia wameonekana wakiyazuru maua hayo. Kusini mwa Afrika, nondo wana nafasi kubwa zaidi. Anayewafukuza popo kwa moto au kwa kukata miti wanamolala anajipunguzia ubuyu bila kujua.

Hasara hiyo si ndogo. Tafiti nyingi zimepima vitamini C katika ubuyu na kupata viwango vinavyotofautiana kati ya mti na mti, vingi vikiwa kati ya miligramu 150 na 500 katika gramu 100 za unga. Chungwa lina takribani miligramu 50 kwa uzito huo. Ubuyu una pia kalsiamu, potasiamu na nyuzinyuzi. Kwa kuwa joto huharibu vitamini C, juisi iliyotengenezwa kwa kuloweka ubuyu katika maji safi na salama yasiyo ya moto huhifadhi vitamini hiyo kuliko ubuyu uliochemshwa kwa sukari na rangi. Mbegu hukamuliwa mafuta, na majani machanga huliwa kama mboga. Tangu Umoja wa Ulaya uruhusu ubuyu kuuzwa kama chakula mwaka 2008, na Marekani kuukubali mwaka 2009, soko lake limevuka mipaka ya Afrika.

Kwa upande mwingine, faida ya kuukata mbuyu ni ndogo. Mti wake ni laini, umejaa maji, haufai kwa mbao wala kwa kuni. Pengo unaloacha nalo halizibiki upesi, kwani mbuyu uliooteshwa kwa mbegu huchukua miaka mingi kabla ya kuchanua. Watafiti wamefaulu kuufupisha muda huo kwa kupandikiza kikonyo cha mti unaozaa vizuri juu ya mche mchanga.

Hatua zinazofaa kwa kaya yenye mibuyu si za gharama. Mti usiozaa uachwe usimame, hasa kama mibuyu ya karibu ni michache. Wanaootesha miche wachukue mbegu kutoka miti kadhaa, si mmoja, na wazikwangue au kuziloweka katika maji ya moto kwanza, kwa sababu ganda lake ni gumu. Miche izungushiwe miiba, maana mbuzi na ng'ombe huipenda. Wahenga walisema hata mbuyu ulianza kama mchicha. Mchicha huo ukiliwa na mbuzi, mbuyu haupo.

Mkulima anayefikiria kukata mbuyu shambani mwake anashauriwa kuonana kwanza na afisa ugani wa kata au afisa misitu wa wilaya, ili mti huo utazamwe pamoja na mibuyu mingine inayouzunguka kabla ya shoka kuinuliwa.