Je, Wajua? Chenji ya Soko la Ujiji

Je, wajua kwamba wenye maduka wa Uingereza waliwahi kujitengenezea sarafu? Katikati ya karne ya 17 serikali yao haikutoa sarafu ndogo za kutosha, na mteja wa mkate au mshumaa akakosa chenji. Wafanyabiashara wakatoa sarafu zao zenye jina la mwenye duka, mji wake na alama ya kazi yake, hadi zilipozuiwa mwaka 1672. Shida iliporudi, kampuni ya mgodi wa Parys, Anglesey, ilianza mwaka 1787 kutoa sarafu za shaba yake yenyewe. Leo wakusanyaji wa vitu vya kale huzitafuta kwa hamu.

Je, wajua kwamba Ujiji ilikuwa na shida hiyohiyo, ikaitatua kwa akili yake? Biashara kubwa ya misafara ilikwenda kwa nguo: shuka ni yadi 2, doti ni yadi 4. Lakini nani angekata doti ya merikani kununua fungu la dagaa au kibuyu cha mawese? Kwa manunuzi hayo soko lilitumia shanga zilizoitwa sofi, zilizofanana na vipande vifupi vya bomba la kiko lililovunjika.

Je, wajua kwamba soko hilo lilikuwa na wabadilisha fedha? Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, aliwakuta. Asubuhi waliwapa wanunuzi sofi kwa kupokea shanga za aina nyingine. Soko lilipofungwa, walizipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji. Walipata faida mara mbili kwa siku moja.

Je, wajua kwamba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Katanga, shaba iliyoyeyushwa na kumiminwa katika umbo la msalaba ilikuwa fedha? Katanga ilipojitangazia uhuru, iliweka msalaba huo kwenye sarafu zake za mwaka 1961.

Je, wajua kwamba sarafu za dhahabu zilitengenezwa kando ya reli ya kwenda Kigoma? Katika Vita Kuu ya Kwanza, meli za Uingereza zilifunga njia ya bahari na sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Mwaka 1916 Wajerumani wakatengeneza zao Tabora: heller za shaba na shaba nyeupe, pamoja na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke, zenye picha ya tembo. Za dhahabu zilizidi 16,000, na kila moja ina uzito wa gramu 7 na ushei. Za bandia ni nyingi, kwa hiyo mnunuzi makini huanza na mizani.

Je, wajua kwamba kusugua sarafu ya kale kwa ndimu au majivu kunaishushia thamani? Iache na rangi yake, na uandike ilipopatikana.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Ukichimba msingi wa nyumba Ujiji ukakuta shanga au sarafu, usimkimbilie mlanguzi. Toa taarifa kwa wahusika wa mambo ya kale, maana ushanga mmoja wa sofi unasimulia biashara ya Ujiji ukiwa Ujiji.