Mawe ya Volkano na Utafutaji wa Dhahabu, Fedha na Shaba

Mkazi wa Ngoingwa, karibu na mji wa Thika, akichimba msingi wa nyumba au shimo la choo, hukuta kwanza udongo mwekundu, kisha hufikia mawe ya kijivu. Mawe hayo yametokana na volkano. Mengine ni majivu ya moto yaliyotua yakashikamana. Mengine ni lava iliyomiminika ikapoa. Mafundi wa machimbo ya Thika, Ndarugo na Juja wameyakata kwa miaka mingi, na nyumba nyingi za Nairobi zimejengwa kwayo. Mara kwa mara huonekana ndani yake chembe zinazometameta, na hapo watu huanza kuulizana: ikiwa katika nchi nyingine dhahabu, fedha na shaba huchimbwa katika milima ya volkano, kwa nini zisipatikane hapa kwetu?

Swali hilo ni la haki na lastahili jibu kamili. Tena jibu lake laweza kumwokolea mtu fedha zake, maana wako watu wajanja waendao huku na huku wakiuza mawe yenye kumeta, au wakitaka mwenye shamba atie sahihi karatasi asizozielewa.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba volkano peke yake haileti madini haya. Kinachoyaleta ni maji ya moto. Chini sana ardhini, karibu na mawe yaliyoyeyuka, maji hupata moto mkali kupita ule wa sufuria yoyote, nayo huweza kuyeyusha kidogo kidogo shaba, dhahabu na fedha zilizotawanyika katika mawe. Maji hayo hupanda kwa kupenya katika nyufa. Yapoapo, au yakutanapo na mawe ya namna nyingine, huyaacha madini yale pale pale, kama chumvi inavyobaki chini ya chungu maji yanapokauka. Jambo hilo likiendelea kwa maelfu ya miaka katika nyufa zile zile, basi hapo hupatikana mahali penye madini mengi. Mtu aliyekwenda Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mvuke wa ardhini umetoa umeme tangu mwaka 1981, ameona kwa macho yake nguvu ya maji ya namna hiyo, ingawa pale yanatumiwa kwa kuzungusha mitambo.

Jambo la pili ni kwamba volkano si za namna moja. Katika Chile, Indonesia na visiwa vya Pasifiki, sakafu ya bahari huzama polepole chini ya nchi kavu au chini ya visiwa, ikichukua maji pamoja nayo. Volkano zizaliwazo hapo zina maji mengi katika mawe yao yaliyoyeyuka, na ndizo zenye sifa ya kuweka pamoja shaba, dhahabu na fedha. Volkano zetu za kando ya Bonde la Ufa, pamoja na Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, zilizaliwa kwa njia nyingine: nchi inavutwa pande mbili na kupasuka. Zimetupa magadi ya Ziwa Magadi, mvuke wa Olkaria, mawe ya kujengea, na ule udongo mwekundu unaootesha kahawa. Hizo ni mali kubwa. Lakini mgodi wa shaba na dhahabu haujapatikana katika mawe haya machanga ya Thika, na chembe zinazometa katika jiwe la kujengea mara nyingi ni vipande vidogo vya mawe ya fuwele tu.

Hata hivyo, Kenya ilikwisha kuwa na mgodi wa shaba, dhahabu na fedha katika mawe ya volkano. Mgodi huo ni Macalder, katika nchi ambayo sasa ni Kaunti ya Migori. Mawe ya huko ni mazee kupita kiasi: yalimwagwa na volkano zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Milima yenyewe imekwisha kusagika kwa mvua na upepo, na mpita njia hawezi kutambua kwamba palikuwa na volkano. Madini yaliwekwa na maji ya moto yaliyokuwa yakibubujika chini ya bahari ya wakati ule. Katika miaka ya 1930 watu walikwenda huko kwa ajili ya dhahabu. Baadaye shaba ndiyo iliyokuwa kazi kubwa, mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Basi mtafuta madini hapimi urefu wa mlima wala uzuri wake. Huuliza umri wa mawe na historia yake.

Sasa tueleze jinsi kazi hiyo ifanyikavyo, maana wengi hudhani kwamba mtaalamu huja na chombo kimoja, akakielekeza chini, kikamwambia dhahabu ilipo. Chombo cha namna hiyo hakipo, na aulizaye bei yake anaulizia udanganyifu.

Mtaalamu huanza kwa ramani na kwa miguu. Hutembea katika mito na makorongo akiwa na nyundo, akivunja mawe na kuyatazama kwa kioo cha kukuzia. Jiwe lenye madoa ya kijani humsimamisha, kwa kuwa shaba ikipata hewa na mvua hugeuka kijani kama sufuria kuukuu ya shaba. Jiwe jekundu lenye kutu na matundu matundu humsimamisha zaidi, kwa kuwa laweza kuwa kifuniko cha madini yaliyo chini. Kisha huchota mchanga wa kila kijito na kuupeleka maabara. Mto ni mjumbe mzuri: hukusanya chembe kutoka bonde zima, na kijito chenye shaba nyingi kuliko wenzake huonyesha upande wa kupanda.

Baada ya hapo huchukuliwa udongo kwa mistari iliyonyooka, kila baada ya hatua kadhaa, na kila mfuko huandikwa namba. Majibu ya maabara huandikwa juu ya ramani, ndipo huonekana mahali namba zinapopanda kwa pamoja. Hapo huchimbwa mitaro, na vyombo vya sumaku na umeme hupimwa juu ya ardhi; vyombo hivyo huonyesha mawe yanayopitisha umeme vizuri, lakini haviwezi kusema kama kuna dhahabu ndani yake. Sehemu nyingi hukataliwa katika hatua hii, na gharama inakuwa bado ndogo.

Palipobaki tumaini huletwa keekee kubwa yenye ncha ya almasi. Keekee hiyo hukata nguzo nyembamba ya jiwe, kama mtu atoaye kiini cha ubua, hata mita mia kadhaa chini. Nguzo hupangwa katika masanduku, kila mita ikiwa na alama yake, kisha hupasuliwa kwa urefu: nusu husagwa na kupimwa, na nusu huhifadhiwa ili mtu mwingine aweze kupima tena.

Nusu hiyo inayohifadhiwa ina thamani kubwa. Kampuni moja ya Kanada, jina lake Bre-X, ilitangaza dhahabu nyingi mno huko Busang, katika kisiwa cha Borneo nchini Indonesia. Kampuni hiyo haikuwa ikihifadhi nusu ya nguzo, ilisaga yote. Mwaka 1997, wachunguzi wengine walipochimba mashimo yao wenyewe, hawakuona dhahabu ya maana. Sampuli za kwanza zilikuwa zimetiwa chembe za dhahabu kutoka nje. Watu wengi, wasomi na matajiri miongoni mwao, walipoteza akiba zao. Ikiwa hao walidanganywa kwa mawe yaliyosagwa, mkulima asione haya kudai kipimo cha pili.

Tuseme maabara yameleta majibu: jiwe lina shaba asilimia 1, na dhahabu gramu 1 katika kila tani. Maana yake ni kwamba tani nzima ya mawe yaliyovunjwa itatoa shaba kilo 10 na dhahabu yenye ukubwa wa punje tatu hivi za mchele. Kilo 990 hivi zinazobaki ni taka, nazo hazina budi kuwekwa mahali. Kwa kila tani. Ndiyo sababu jiwe moja zuri mkononi halithibitishi kitu. Lazima ijulikane tani ni ngapi, ziko kina gani, maji yatatoka wapi, na taka zitakwenda wapi.

Habari ya taka na ardhi si ndogo. Katika kisiwa cha Bougainville, Pasifiki, wataalamu walifika katika miaka ya 1960 wakakuta shaba, dhahabu na fedha katika milima ya volkano mahali paitwapo Panguna. Mgodi ulianza kutoa mali mwaka 1972 ukawa mmoja wa migodi mikubwa duniani. Lakini taka zilimiminwa mtoni, na wenyeji waliona kwamba fungu lao ni dogo mno. Mwaka 1989 mgodi ulifungwa kwa ghasia, na vita vilivyofuata vilidumu miaka mingi.

Kwetu pia jambo hilo lilitokea kwa namna yake. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931, ilikuwapo sheria ya mwaka 1930 iliyoahidi kwamba Mwafrika akiondolewa kwenye ardhi ya hifadhi yake atapewa ardhi nyingine. Mwezi wa Desemba 1932 sheria hiyo ilibadilishwa, ardhi ya madini ikaweza kutwaliwa kwa malipo ya fedha tu. Wazee wa Kakamega hawakulisahau jambo hilo, nao hawana lawama.

Leo sheria inayotumika ni Sheria ya Madini ya mwaka 2016. Madini yote yaliyo chini ya ardhi ni mali ya Jamhuri, yakishikwa na serikali kwa niaba ya wananchi. Hati ya shamba haimpi mtu dhahabu iliyo chini yake. Lakini leseni ya kutafuta madini haiwezi kutolewa juu ya ardhi ya mtu binafsi bila ridhaa yake, naye ana haki ya kulipwa fidia kwa hasara apatayo. Mgodi ukianza kutoa mali, mrabaha hugawanywa: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali hapo.

Kwa hiyo mgeni akija Ngoingwa, au penginepo, na nyundo na mifuko ya udongo, mwenye shamba anaweza kumwuliza mambo matatu kwa adabu: leseni yako ni ya namba gani, sampuli zangu zinapimwa maabara gani, na mashimo yatafukiwa lini. Serikali ina daftari la leseni zote za madini pamoja na ramani zake, na namba ya leseni ya kweli huonekana humo.